Weka Alama Yako: Habari za Jimbo la Zhanqian

Nyinyi mliobaki ghalani mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya stika za kompyuta. Nimekubali, ila nawaambia mapema kwamba sitaandika lini nilipandishwa cheo, maana cheo kilikuwa kile kile, jina tu ndilo lililobadilika. Wala sitaandika mshahara, maana nitakasirika upya. Nitaandika habari ya alama za mizigo na habari ya Jimbo la Zhanqian. Mnaweza kudhani hayo ni mambo mawili. Kwetu lilikuwa jambo moja, na kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini lilitokea hapo hapo yalipokutana.

Nilifika Guangzhou kutoka Tanga mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nimeajiriwa ukarani katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Ghala letu lilikuwa nyuma ya majengo ya nguo ya Zhanqian, hatua chache kutoka stesheni ya reli. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani karani hukaa mezani. Mkuu wa makarani, Maalim Kombo, Mpemba aliyewahi kusomesha watoto shule ya msingi, alinitazama miguu, akatikisa kichwa, akanipa brashi na kopo la wino mweusi. Akanionyesha robota la suruali za jinzi lililokwisha kufungwa mikanda, akaniambia niandike.

Niliandika vizuri sana. Shuleni nilisifiwa mwandiko. Maalim akasimama mbali, akafumba jicho moja, akasema, "Huu mwandiko wa barua. Mzigo hausomwi na mtu aliyekaa."

Basi nikaanza upya. Kila mteja alikuwa na alama yake, herufi mbili tatu na namba, na alama hiyo ndiyo jina lake kuanzia ghalani kwetu mpaka bandarini kwao. Mtu anaweza kusahau namba ya simu ya mumewe, lakini alama yake haisahau. Tuliiandika pande tatu, juu, tumboni na ubavuni, kwa sababu mpakuzi wa bandari haligeuzi robota kwa ajili ya kukufurahisha wewe. Herufi ziwe nene kama kidole gumba. Na ukikosea, Maalim alitufundisha, usikwangue wala usikate kwa mstari. Paka wino kosa zima mpaka hata wewe uliyeandika usijue uliandika nini, kisha ndipo uandike upya pembeni. Alama iliyofutwa nusu ni hatari kuliko isiyokuwapo. Kuna robota letu la mashati lililokuwa la Lubumbashi likaenda kupumzika Mombasa miezi minne kwa sababu ya herufi moja iliyochungulia chini ya mstari.

Wino tulinunua kwa mzee mmoja wa Kichina, kichochoro cha pili. Maalim alikuwa kila mara akimwomba apunguze bei, na mzee alikuwa akijibu "mei you", yaani hakuna, kabla swali halijaisha. Waliendelea hivyo miaka yote, na nadhani walipendana.

Mwenye kampuni alikuwa Bwana Tamim, mtu wa Dar es Salaam. Wafungaji wa Kichina walimwita laoban, bosi, na sisi tukafuata. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kilichoogopesha zaidi ni kidole chake. Kontena likikaribia kujaa, alishuka kutoka ofisini kwake juu, akasimama mlangoni, akanyoosha kidole: hili liingie, hili, hili libaki. Robota lililobaki lingeweza kukaa sakafuni wiki tatu, na mwenyewe yuko nyumbani anangojewa na wateja wa sikukuu. Hakuna aliyebishana na kidole kile.

Sasa nije kwenye jimbo. Miaka ile biashara ilikuwa inachemka. Kila wiki tulipokea sura mpya, Waswahili wa Dar, Unguja na Mombasa, na Wakongo wa Goma na Lubumbashi. Watu wakawa wengi kiasi kwamba Umoja wetu, ambao mwanzoni ulikuwa ni kikao cha watu kumi na chai, ukaamua kuwa na baraza la wajumbe watatu na kugawa majimbo matatu. Wa viatu wakawa Jimbo la Liuhua, wa magauni wakawa Jimbo la Shisanhang, na sisi wa jinzi na mashati tukawa Jimbo la Zhanqian. Mpaka kati yetu na Liuhua ulizua ugomvi mwezi mzima, kwa sababu kuna mtu alinunua viatu huku na mashati kule. Maalim ndiye aliyeumaliza. Alisema jimbo la mtu ni pale mzigo wake unapofungwa, basi. Mpaka leo sijasikia mahali pengine penye mpaka mwepesi kama huo.

Kazi ya mjumbe haikuwa mchezo. Mtu akikamatwa bila pasi, aitwe mjumbe. Mwenye jengo akifunga milango kwa hasira, aende mjumbe. Mtu akiugua, na hasa mtu akifariki, mjumbe ndiye anayeshughulika mpaka aliyekufa amefika kwao. Uchaguzi wa kwanza tulichagua kwa kunyoosha mikono, humo humo ghalani, na akapita Bwana Tamim. Wa pili tukanyoosha mikono tena, akapita Bwana Tamim. Alikuwa amesimama pale mbele akitutazama, nami nilinyoosha wangu juu kabisa. Leo mtacheka kwamba msimamizi wa uchaguzi, Maalim, na msaidizi wake, mimi, wote tulikuwa tunalipwa na mgombea. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Daftari la wapiga kura tulilitoa kwenye kitabu cha alama za mizigo. Alama moja, kura moja. Kulikuwa na dada wawili wa Goma waliotumia alama moja, Maalim akawapa ya pili ili kila mmoja awe na kura yake. Bwana mmoja mwenye alama nne alidai kura nne, naye Maalim akamwambia alete vichwa vinne. Kanuni nyingine tuliyoandika, mtaihitaji baadaye katika habari hii, ni kwamba kura zikilingana, aliye kitini anabaki kitini.

Kabla ya uchaguzi wa tatu kulitokea jambo la Bi Rukia. Alikuwa mgeni kutoka Unguja, safari yake ya kwanza, akaanguka kwa homa kwenye ngazi za jengo la nguo. Bwana Tamim, kama mjumbe, alipiga simu hospitali, akapiga tena, akatuma mtu, akarudi kwenye kontena lake. Aliyekwenda akakaa ni Mama Beatrise, mnunuzi wa jinzi kutoka Lubumbashi, mwenye sauti ya kujaza ghala na sala ndefu kabla ya kila robota kufungwa. Hakumjua Bi Rukia. Lugha ya hospitali hakuijua. Alikaa siku nne kando ya kitanda, akimlisha uji kwa kijiko, Mkristo wa Kongo na Mwislamu wa Unguja, wakielewana nusu ya maneno. Bi Rukia alipona. Tangu hapo kina mama wakaanza kunong'ona jina la Beatrise.

Alikuja mwenyewe kwenye kaunta yetu, akaweka mkoba chini, akasema anagombea. Kisha akamwambia Maalim, "Lakini mukono, batu bote banauona. Tunaomba karatasi."

Sote tulijua yeye na kina mama wenzake mizigo yao inapita chini ya kidole cha nani. Maalim akasema ni haki yao, na kura itakuwa ya karatasi, ya siri. Bwana Tamim alipoambiwa alisema tu, "Sawa." Nikapewa mimi kazi ya kuandaa karatasi, kwa sababu ya ule mwandiko wangu wa barua.

Niliandika majina mawili, na mbele ya kila jina nikachora kisanduku. Juu nikaandika maelekezo kwa fahari kubwa: *Weka alama yako kwenye kisanduku cha mgombea unayemtaka.* Maalim akavaa miwani, akasoma mara mbili, akasifu. Tukapiga nakala.

Siku ya kupiga kura ilitusumbua kuipata. Ijumaa haikuwezekana, Jumapili haikuwezekana, na tulipoafikiana Jumamosi akatokea Msabato mmoja kutoka Kisii. Tukapiga Jumatatu asubuhi. Tulipanga marobota yakawa ukuta, nyuma yake tukaweka meza na kalamu nene za kuandikia mizigo, tukazifunga kwa uzi zisiibiwe. Watu wakaingia mmoja mmoja. Niliona kila mtu anakaa kule nyuma muda mrefu kuliko unaohitajika kutia vema. Nikafurahi. Nikasema moyoni, watu wetu wanatafakari.

Mchana tukafunga mlango, wapiga kura wakabaki nje. Upande wa pili wa kaunta alisimama Mama Beatrise kuangalia kura zake, na kwa niaba ya Bwana Tamim alisimama rafiki yake, Bwana Fumo. Bwana Tamim mwenyewe alikuwa juu ofisini. Nikalifungua sanduku, nikachukua karatasi ya kwanza, nikaikunjua.

Kwenye kisanduku cha Mama Beatrise, kwa herufi nene zilizopangwa vizuri, palikuwa pameandikwa MK 22.

Nilidhani ni mzaha. Nikakunjua ya pili: GLD 5. Ya tatu: RKY 61. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote niliyokaa kwenye kaunta ile, neno nililowauliza watu mara nyingi kuliko salamu ni hilo, "Alama yako ipi?" Na sasa nilikuwa nimewaandikia, kwa mwandiko mzuri, waweke alama yao. Nao wametii. Kura ya siri, na kila mmoja ametia jina lake. MK 22 alikuwa mama wa watoto watano, na marobota yake kumi na mawili yalikuwa pale pale nyuma yangu, yanasubiri kontena la wiki ile.

Maalim aliona uso wangu, akaona karatasi, akaweka kiganja juu ya rundo lote. Akawaeleza wale wawili kilichotokea, bila kupunguza. Alisema kosa ni la ofisi. Hakusema ni la Mwanaidi, yaani mimi, na kwa hilo nitamshukuru mpaka kaburini.

Mama Beatrise hakuelewa mara moja. "Karatasi inasema alama yako," alisema. "Miye minaandika marque yangu. Shida iko wapi?"

Bwana Fumo alielewa upesi, akasema hakuna shida kabisa, tuzisome kwa sauti tu. Ndipo Mama Beatrise naye alipoelewa. Sauti yake ile ya kujaza ghala ikawa ndogo. Alimwambia Maalim, "Basi mutoe jina yangu. Tamim abakie. Lakini majina ya bale bamama, asiisome mutu."

Bwana Fumo akapanda ngazi kumwita bosi. Bwana Tamim alishuka polepole, akasimama mbele ya kaunta, akaangalia kiganja cha Maalim.

"Zinasomeka?" aliuliza.

"Zinasomeka," Maalim akajibu. "Ndiyo maana hutazisoma."

"Ghala hili la nani, Maalim?"

"Ghala lako. Sanduku si lako. Ukilitaka, chukua na brashi yangu, mimi nirudi Pemba."

Nakiri kwamba nilichofikiria mimi wakati ule ni kibali changu cha kukaa China, ambacho kilikuwa na muhuri wa kampuni ile. Nilikuwa na mama mgonjwa Tanga na wadogo zangu shuleni. Niliogopa, na nilimkasirikia Maalim kwa kunifanya niogope. Yeye alikuwa amesimama kama anavyosimama kukagua robota, jicho moja amelifumba.

Akaeleza anachotaka kufanya. Tutapaka wino juu ya kila alama, kisanduku kizima, kama tunavyopaka kosa kwenye mzigo. Kisanduku cheusi ni kura. Karatasi zote, hata za wale wachache waliotia vema, zitapakwa sawasawa. Mama Beatrise na Bwana Fumo tutawapa migongo wasisome, lakini brashi wataiona.

Bwana Tamim alitazama kopo la wino. Kisha akasema, "Paka." Akamwambia Bwana Fumo anyamaze, akarudi juu. Mimi nilimwona mtu mkubwa sana siku ile, na bado namwona hivyo, ingawa sababu niliyokuwa nayo haikuwa ile ya kweli.

Tukapaka. Maalim upande wa kulia, mimi wa kushoto, karatasi themanini. Kila uliyoipaka unaitandaza juu ya marobota ikauke. Nilijitahidi nisisome, lakini mtu aliyesoma alama miaka mingi hawezi kuacha kusoma, macho yanasoma yenyewe. Moja niliitambua kabla sijaisoma, kwa mkono ulioiandika. Mkono wangu mimi ukasimama hewani. Mwisho nitasema ilikuwa ya nani, kwa sababu mwenyewe ameniruhusu.

"Paka, mwanangu," Maalim akasema bila kugeuka. Nikapaka. Sijui kama aliiona.

Zilipokauka tukazihesabu mbele ya wote wawili, visanduku vyeusi tu. Mama Beatrise arobaini na moja, Bwana Tamim thelathini na tisa. Mlango ulipofunguliwa na Maalim akatangaza, kina mama walipiga vigelegele mpaka mlinzi wa jengo la mbele akaja kuuliza nani anaolewa. Siku mbili baadaye kontena lilijazwa. Bwana Tamim alisimama mlangoni, akanyoosha kidole, na marobota kumi na mawili ya MK 22 yakaingia yote.

Mama Beatrise alishika jimbo vipindi viwili. Mjumbe kama yule sikumwona tena. Aliandika zamu ya watu wa kukaa hospitali na mgonjwa, mtu wa dini hii na mtu wa dini ile, na zamu ile ilifuatwa hata na wasiompenda. Sisi nasi tulibadilisha maneno kwenye karatasi. Tuliandika *Tia doa jeusi*, na mezani tukaweka brashi na kopo. Liuhua na Shisanhang walitucheka, kisha uchaguzi uliofuata wakaja kuazima brashi.

Yaliyofuata mnayajua. Biashara ilipungua, watu wakarudi kwao, Umoja ukarudi kuwa kikao cha chai. Maalim alirudi Pemba na huko akafariki, Mungu amrehemu. Bwana Tamim aliuza kampuni kwa hawa waajiri wenu, akaenda kukaa Kigamboni. Mimi nilibaki mpaka macho yakanikataza.

Mwaka huu, nilipostaafu, nilipita Kigamboni kumwamkia kabla sijaenda Tanga. Amezeeka, haoni vizuri, lakini kidole ni kile kile, alinionyeshea kiti. Aliniuliza habari za ghala, za mzee wa wino, za kila mtu. Kisha akauliza, "Mwanaidi, ile karatasi yangu aliipaka nani, wewe au Maalim?"

"Mimi, bosi."

"Uliisoma?"

"Niliipaka."

Akacheka mpaka akakohoa. Alinieleza kwamba tangu siku Bi Rukia aliporudi kutoka hospitali ameshikwa mkono na Beatrise, alijua nani ndiye mjumbe wa Zhanqian. Lakini wenzake walikwisha kumjazia fomu, na kujitoa mbele ya mwanamke kwa siku zile asingeweza, aliona haya. Akasema moyoni atashindwa kimya kimya. Akaingia nyuma ya marobota, akasoma maelekezo yangu, na mkono ulioandika alama moja maisha yote ukaiandika tena, kwenye kisanduku cha Beatrise.

"Mlidhani nimeshuka kuja kuzisoma," alisema. "Nilishuka kuangalia kama yangu imeshasomwa. Maalim alipokataa, nilikaribia kumbusu."

Nikapiga hesabu pale pale kichwani. Kura ile ingeingia kisanduku cha pili, zingekuwa arobaini kwa arobaini, na kanuni ilikuwa imeandikwa. Nikamwambia. Akasema hesabu hiyo aliifanya siku ile ile, amesimama ngazini akimsikiliza Maalim akitangaza.

Nilipoaga niliomba ruhusa ya kuwaandikieni haya. Akasema niandike, ila niitaje na alama, maana jina lake lipo kwenye fomu nyingi na si zote za kweli. Basi ilikuwa kwenye kisanduku cha Mama Beatrise, nene kama kidole gumba, na safari hii siipaki: TMM 1.